Vitabu vya Majaribio vya Bwana Tackett

Mimi tapeli hanipati. Nimekaa Oklahoma miaka mingi kuliko baadhi ya barabara zake, na mtu mwenye hila namnusa angali ngazini, hajagonga mlango. Ile mashine ya kukaushia nguo isiyo na mota, iliyoko huko nyuma, niliinunua kwa hiari yangu. Aliyeniuzia alikuwa na meno mazuri, na alinipa pole kwa kufiwa na mume. Mume wangu wakati huo alikuwa bafuni ananyoa ndevu, lakini pole ni pole.

Basi tuyaache yangu, tumseme Royce Tackett.

Royce alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye suti ya kijivu na sauti ya chini kama ya muuza majeneza. Na majeneza alishayauza. Alishauza pia vichujio vya maji, dawa ya kuotesha nywele, na viwanja vya makaburi vyenye mandhari ya ziwa. Asubuhi moja ya majira ya baridi alikuwa katika mgahawa wa mji mdogo wa Kessler, mbele yake mayai na kahawa, hana la kuuza, kitu ambacho kwake kilikuwa ugonjwa. Nyuma yake walikuwa wameketi walimu wawili wa kike, wanalalamika.

"Wamebadilisha tena," alisema wa kwanza. "Viwango vyote vya Kiingereza, darasa la sita mpaka la nane."

"Vya zamani vilikuwa na kasoro gani?"

"Vilikuwa vya zamani."

"Haya. Na vitabu je?"

"Kila wilaya ionyeshe kitabu kinacholandana na viwango vipya, kiwango kwa kiwango, kabla ya shule kufungwa. Asiyeonyesha, shule yake ya kati inafutwa. Sisi watoto wetu wataunganishwa na Dillard."

Kijiko kilianguka mahali fulani.

"Dillard?"

"Dillard, mwenzangu."

Mzee wa meza ya pembeni alivua kofia, kama watu wanavyofanya jeneza likipita.

Mtu wa Kessler anaweza kuvumilia ukame, kimbunga, na mkwe asiyefanya kazi. Anaweza hata kuvumilia mtoto wake asijue kusoma vizuri, maana baba yake naye alikuwa hivyo na alipata ng'ombe. Lakini mtoto huyo avae jezi ya Dillard, mji wa jirani na mahasimu wao wa tangu zamani, kwenye ule mpira wao wa kofia ngumu, apige kelele upande wa pili wa uwanja? Hilo hapana.

Royce alikoroga kahawa yake, ambayo haikuwa na sukari wala maziwa. Alikuwa ameona kitu ambacho wale walimu hawakukiona. Hawa watu hawatafuti kitabu, alijiambia. Wanatafuta karatasi inayosema kwamba kitabu kinafaa. Kitabu chenyewe ni kitu kizito tu cha kuikalia karatasi isipeperuke.

Akalipa, akaacha na bahashishi. Alikuwa na furaha kiasi hicho.

Siku chache baadaye alikuwa Arkansas, kwenye ghala la mtu mmoja aitwaye Orval Sipes, aliyekuwa akinunua vitabu vilivyotupwa na kuvipeleka kiwandani vikasagwe vigeuzwe karatasi za chooni. Ghalani humo kulikuwa na shehena nzima ya vitabu vya Kiingereza vya shule za kati, vipya, vinene, vilivyotengenezwa kwa ajili ya Florida miaka mingi iliyopita, kabla Florida nayo haijabadilisha viwango vyake. Jalada lilikuwa na mamba anayeota jua.

Royce alikuwa na mali moja duniani: nyumba ya bati yenye magurudumu, kando ya ziwa. Alimpa Orval nyumba, Orval akampa vitabu pamoja na lori la kuvibebea.

"Usipopata mnunuzi utalala wapi?" Orval alimuuliza, akiupokea ufunguo.

"Nitapata."

"Usipopata?"

"Vitabu ni vingi, ndugu yangu. Nitajifunika."

Alisema kwa mzaha, lakini alipoiona nyumba yake ikivutwa na trekta la Orval, mapazia bado yamo dirishani, mzaha ulimwisha. Alitaka nyumba ya matofali. Alitaka nyumba ambayo ukiamka asubuhi unaikuta palepale ulipoiacha, yenye baraza, na kiti cha kubembea, na jirani wa kumsalimia kwa jina lake halisi. Vitabu vikinunuliwa, ataipata. Visiponunuliwa, hana hata ile ya magurudumu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kiufundi. Alichapisha stika za rangi ya dhahabu zenye umbo la jimbo, yaani sufuria yenye mpini mrefu, zimeandikwa: KIMELANDANA KIKAMILIFU NA VIWANGO VYA JIMBO. Alizibandika moja moja. Mwili wa sufuria ulimfunika mamba wote isipokuwa mkia, na mkia peke yake ulionekana kama mto. Royce aliutazama akasema kwa sauti, "Mandhari ya nyumbani."

Kisha jedwali la ulinganifu. Upande wa kushoto alinakili viwango vyote kama serikali ilivyovitoa, na namba zake. Upande wa kulia aliandika kurasa. Mwanzoni alikuwa mwangalifu, akiandika ukurasa huu na huu kadiri zilivyomjia kichwani. Baadaye mkono ukachoka. Mwanafunzi atachambua dhamira ya mwandishi: kitabu kizima. Mwanafunzi atatofautisha ukweli na maoni: kitabu kizima. Hakukifungua kitabu hata mara moja. Daktari wa meno naye hahitaji kung'ata.

Mkurugenzi wa shule za Kessler aliitwa Dakta Garland Hooks, na udaktari wake ulikuwa wa elimu, ingawa moyo wake ulikuwa wa ukocha. Ofisi yake ilitazama uwanja wa mpira. Juu ya uwanja zilisimama taa mpya, ndefu, zinazong'aa hata zikiwa zimezimwa. Royce aliziona, roho ikamtulia. Wilaya yenye taa kama zile, alijiambia, ina hela za kuchezea.

"Bwana Tackett," alisema Dakta Hooks, jedwali mkononi, "viwango vyote vimo humu?"

"Kila kiwango kina makao yake, Dakta. Hakuna hata kimoja kilicholala nje."

"Na kampuni yenu… ina utaratibu wa kuwakumbuka marafiki?"

"Una shida gani, rafiki yangu?"

Dakta Hooks aligeuka dirishani. "Ubao wa kuonyesha mabao. Wetu haujui kuandika tatu."

"Shule isiyoweza kuonyesha tatu," alisema Royce kwa uchungu, "inafundishaje hesabu?"

Walishikana mikono kwa muda mrefu, kama watu waliotoka kuzika pamoja.

Lakini aliyeongoza kamati ya vitabu hakuwa Dakta Hooks. Alikuwa Bibi Ardith Penner, mwalimu wa Kiingereza wa darasa la saba, mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Aliifundisha nusu ya mji, na nusu iliyobaki aliwafundisha wazazi wao. Royce alimkuta Jumapili, kwenye chakula cha kanisani, ambapo kila mtu huja na sufuria yake na kuondoka akiisema ya mwenzake.

"Kaa, Bwana Tackett. Umepata kambare? Chukua na maharage ya oveni. Si hayo, hayo ni ya Lavonne, hayaliwi. Haya hapa." Alikuwa na nakala ya kitabu kwapani. Kidole gumba chake kilikuwa kikiisugua ile stika polepole, kama mtu anayepima kitambaa dukani. "Nimelisoma jedwali lako."

"Naomba maoni yako, mama. Usinionee huruma."

"'Kitabu kizima,'" alisema Bibi Penner. "'Kitabu kizima. Kitabu kizima.' Nimefundisha miaka mingi, sijaona mchapishaji anayejiamini hivi. Wengine hutaja kurasa."

"Kurasa ni za wanaoogopa."

"Ndivyo nilivyofikiri. Basi kitabu nimekipenda. Nakitaka."

Kambare alimkwama Royce kooni kwa furaha. "Mama, unasema kweli?"

"Mimi ni Mpenner, sisi hatusemi kingine. Nakitaka kwa darasa la sita, la saba na la nane, vyumba vyote. Na wilaya ndogo za jirani hufuata tunachochagua sisi. Sasa limebaki jambo dogo." Alimwongezea chai ya barafu. "Hapa kwetu hakuna kinachonunuliwa bila kujaribiwa. Hata mchungaji yule unayemwona tulimjaribu mwaka mzima kabla hatujampa nyumba."

"Kujaribiwa vipi?"

"Unatuachia vitabu mpaka Mei. Watoto wanavisoma, mkaguzi wa jimbo anakuja anaona, bodi inapiga kura. Ni desturi tu. Kampuni zote kubwa hufanya hivyo. Kama yenu ni ndogo mno, sema, sitakucheka."

"Ndogo?" Royce aliweka uma chini. "Mama, kampuni yetu inanishinda kuieleza kwa ukubwa wake."

"Nilijua. Basi leta nakala chache…"

"Chache kwa nini? Nitaleta vyote."

"Ah, Bwana Tackett. Usijisumbue hivyo."

"Vyote, mama!"

"Haya," alisema Bibi Penner. "Ukisisitiza. Chukua pai ya njugu za pekani, umekonda."

Vitabu vilishushwa kwenye ukumbi wa michezo mbele ya wazazi, bendi ya shule na mwandishi wa gazeti la mji. Dakta Hooks alimkaribisha Royce kwenye kipaza sauti. Kabla hajafungua mdomo, mzee mmoja wa nyuma alipiga kelele: "Bei gani hivyo?"

Sasa, muuzaji mzuri hataji bei mbele ya umati. Royce aliweka mkono kifuani.

"Mzee wangu, leo si siku ya bei. Vitabu hivi ni vya watoto wa Kessler. Kampuni yetu haimdai mtoto hata senti."

Watu walisimama, wakashangilia. Bibi Penner alimsogelea, akamgusa kiwiko.

"Umesema vizuri mno. Rudia, huyu wa gazeti alikuwa anatafuta kalamu."

Akarudia. Kwa sauti ya juu zaidi, na safari hii aliongeza neno "milele," kwa sababu lilikaa vizuri mdomoni.

Miezi ya majaribio aliishi kwenye moteli ya barabara kuu, akila chakula cha kanisani na kusubiri. Mji ulimpenda. Alialikwa kuchinja nguruwe. Alipewa kofia ya timu. Hata kiwanja cha nyumba alikwisha kukichagua, mtaa wa walimu, chini ya mti wa mpekani, na akawa anapita hapo jioni kukitazama, akipanga baraza itazame upande gani.

Hofu yake ilikuwa moja tu: mkaguzi wa jimbo. Alipokuja, mwezi wa Aprili, Royce alijiweka ukutani mwa darasa la Bibi Penner, jasho likimshuka ndani ya suti. Mkaguzi alikuwa mwanamke mwenye haraka na kalamu nyekundu. Aliketi, akafungua jedwali, akaanza kuweka alama ya vema, kiwango kwa kiwango, kama mtu anayemwaga chumvi.

Royce alinyoosha shingo akaona kitu cha ajabu. Upande wa kulia hapakuwa tena na "kitabu kizima." Palikuwa na kurasa, mistari, mazoezi, yameandikwa kwa mwandiko wa Bibi Penner.

"Nimelinyoosha kidogo," Bibi Penner alimnong'oneza. "Hujakasirika?"

"Mama, jisikie nyumbani."

"Ungependa kukiona na kitabu chenyewe?" Bibi Penner alimuuliza mkaguzi, akimnyooshea nakala.

"Kitabu?" Mkaguzi alikitazama kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake ambebe. "Kazi yangu ni jedwali. Stika kinayo?"

"Hii hapa."

"Ya dhahabu," alisema mkaguzi, kwa heshima, na akaweka alama ya mwisho.

Kessler ikaokoka. Kengele ya kanisa ilipigwa. Usiku huohuo watu wa Dillard, inasemekana, hawakula.

Royce alijinunulia tai mpya kwa ajili ya kikao cha bodi.

Kikao kilifanyika Mei, jua bado liko nje, kwenye maktaba ya shule. Wajumbe wa bodi waliketi meza ya mbele, Dakta Hooks pembeni yao, na wananchi kwenye viti vya chuma. Darasa zima la saba lilikuwepo, limekaa mstari wa kwanza na vitabu mapajani. Mwenyekiti, muuza chakula cha ng'ombe, aligonga meza.

"Wanaokubali kwamba kitabu hiki kiwe kitabu rasmi cha Kiingereza cha shule ya kati ya Kessler, wanyooshe mikono."

Mikono yote juu. Royce alisimama, akainama kulia, akainama kushoto.

"Hoja imepita," alisema mwenyekiti. "Na kwa kuwa vitabu tunavyo tayari, suala la ununuzi linaondolewa. Tuendelee na choo cha uwanjani."

Royce alibaki ameinama.

"Samahani, mwenyekiti," alisema, akiinuka. "Nadhani pamerukwa mahali. Vile vilikuwa vya majaribio."

"Ndiyo," alisema Bibi Penner kutoka kiti chake. "Vimejaribiwa. Vimefaulu. Hongera sana."

"Lakini ununuzi…"

"Tununue nini, Bwana Tackett?" aliuliza Dakta Hooks kwa upole wa kweli. "Vitabu si hivi hapa?"

Royce alimsogelea, akashusha sauti. "Garland. Rafiki yangu. Wilaya yenye taa zile haiwezi kunifanyia hivi. Hela mnazo."

"Ndugu yangu," Dakta Hooks alimnong'oneza, "taa zile ndizo vitabu. Fungu lote liko pale juu linawaka."

"Kwa hiyo tangu Januari mlijua hamnunui?"

"Hatujanunua kitabu muda mrefu. Cha hesabu tunakijaribu mwaka wa nne sasa. Kizuri, lakini Ardith bado hajaridhika."

Royce aliiona nyumba ya bati ikivutwa na trekta, mapazia yakipunga. Kwa nini asiseme vitabu ni vyake, alipwe au arudishiwe? Alifungua mdomo kusema hivyo, na macho yake yakaangukia ukutani, ambako gazeti la mji lilikuwa limebandikwa ndani ya kioo, na picha yake mkono kifuani, na chini ya picha, kwa herufi nene: HATA SENTI, MILELE.

Hapo mtu mwingine angeenda zake. Royce hakuwa mtu mwingine. Kwa desturi ya huku, mwananchi yeyote ana dakika tatu za kusema mbele ya bodi, na akizianza hakuna wa kumwondoa pale mpaka ziishe. Alikwenda kwenye kipaza sauti, akarekebisha tai.

"Mabibi na mabwana. Dhamiri yangu hainipi usingizi. Vitabu hivi vina kasoro. Havilandani na viwango. Ile stika," na hapa sauti ilimtetemeka, maana alikuwa hajawahi kusema neno la kweli mbele ya watu wengi hivi, "ile stika si ya kuaminiwa. Naomba mniruhusu nivipakie lorini leo hii, vyote, kwa faida ya watoto."

Mnong'ono ulipita maktabani. Wengine walianza kusema Dillard, Dillard.

Bibi Penner alisimama taratibu, akavaa miwani.

"Hayo ni mazito, Bwana Tackett. Umeyajuaje?"

"Nimekisoma, mama."

"Kitabu kizima?"

"Jalada hadi jalada. Ukurasa kwa ukurasa, kwenye chumba changu cha moteli. Mtu haui kitoto chake mwenyewe bila kukitazama usoni."

"Basi nimefurahi," alisema Bibi Penner, "maana kuna jambo limetugombanisha darasani mpaka watu wamenuniana, nami nimekosa mtu mzima mwingine aliyekisoma. Yule nyumbu mzee, Seneta. Je, yule binti alifanya haki kumwacha mtoni?"

Mkono wa Royce ukapanda kifuani.

"Ah, Seneta," alisema. "Mama, hapo ndipo nilipokifunga kitabu nikatoka nje."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Lakini simlaumu binti. Maji yalishamfika kifuani. Angefanya nini?"

"Wengine wanasema angekata kamba."

"Kwa kisu gani, mama? Kisu kilishapotea." Bibi mmoja wa nyuma alitoa kitambaa. Royce alimwona, akapata nguvu. "Kilichonimaliza si maji. Ni vile nyumbu alivyogeuza kichwa kumtazama mara ya mwisho."

"Alimtazama?"

"Alimtazama, mama."

"Kwa hasira?"

"Kwa msamaha," alisema Royce, na chozi, la kweli kabisa, likamtoka jicho la kushoto. Dakta Hooks alipenga kamasi.

Bibi Penner aligeukia mstari wa kwanza. "Darasa la saba. Nani kati yenu amewahi kumwona nyumbu ndani ya kitabu hiki?"

Hakuna mkono ulionyooshwa.

"Binti mtoni?"

Hakuna.

"Hakuna nyumbu humo, Bwana Tackett," alisema Bibi Penner, akivua miwani. "Nimemtunga sasa hivi nikiwa nimesimama. Hiyo kamba pia ni yangu. Kisu umeleta wewe."

Royce aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Bado alikuwa na dakika moja na nusu za kusema.